Maji ya Mama ya kuoga

Jana, kwenye telefone ya kaka yangu Musafiri, niliona njia ya ndege, mstari uliopinda kutoka Dubai mpaka Guangzhou, na chini yake: masaa saba na kitu. Naona haya kumwambia nilikumbuka nini.

Nilikuwa mdogo. Mama alikuwa amesafiri kununua vitenge, na mchana mmoja alipiga simu toka Dubai: anapanda ndege kwenda Guangzhou, kule Chine, "masaa saba tu, mwanangu." Sasa Baba, akirudi toka Salamabila na pikipiki, alikuwa analala njiani, na alikuwa anafika kwetu Kasongo na matope mpaka kwenye nyusi. Basi nikajua Mama, mtu wa masaa saba, iko karibu kuliko Baba, mtu wa siku mbili. Jioni atafika nyumbani, tena mchafu kama Baba. Nikajaza sufuria maji, nikaibandika kwenye mbabula, jiko letu la makala, kama Bibi alivyomfanyia Baba siku zote.

"Weye! Unazani Chine iko hapa karibu, nyuma ya Kabambare?" Musafiri alicheka mpaka akakaa chini. "Na ndege ikikwama kwenye matope?"

"Watu watashuka, watasukuma."

"Muache," Bibi akamwambia.

Yeye hakucheka. Aliongeza makala, moshi ukatuingia machoni, na maji yalipoanza kupoa aliyapasha tena. Leo najua alikuwa anajua vizuri Mama iko wapi. Giza lilipoingia na mlango haujagongwa, alinivua nguo, akaniogesha polepole kwa maji yale yale, na sabuni ya Mama ya kunukia.

"Siku atakayofika," alisema, "akute mutoto wake iko safi."