Chef alisema niruke majina yasiyo na ukoo, nikagoma

Amahoro wakuu. Naandika na hasira bado iko kifuani. Yote ni kweli, mwenye kubisha aje Rumonge tumuonyeshe.

Naandika code kwenye shirika dogo linalotafutia watu ndugu waliopotezana nao vitani. Data inakuja kwa faili za JSON toka Kigoma, Uvira na hapa kwetu Burundi. Nilikuwa natengeneza programu mupya, shida ikawa sehemu ya jina. Wengine iko object safi, jina na ukoo. Wengine iko string, neno moja tu. Programu ikifika hapo inakufa.

Chef wangu, yaani bosi, mtu wa kuja, akasema, "Ruka hizo, kama ile ya zamani. Ni data chafu."

Chafu? Kwetu Warundi kila mutoto anapewa jina lake. Mimi Habonimana, dada yangu Kaneza, mama Nsabiyumva. Nyumba moja, majina matatu, ukoo hakuna. Uchafu uko wapi hapo?

Na mimi nilikuwa na langu moyoni. Vita ilipotukuta Minago tulikimbilia ziwani, watu wakagombania mitumbwi, Kaneza akatupwa kwenye mwingine. Sisi tukafika Kigoma. Yeye hatukumuona tena. Tuliporudi, mama alijiandikisha kumtafuta, akaambiwa asubiri.

Nikatafuta jina la mama kwenye ile programu ya zamani.

Hakuna!

Ilimruka kimya kimya, hata error haikutoa. Miaka yote mama anasubiri, kumbe hakuna aliyekuwa anatafuta.

Nikamwambia chef, "Siruki mutu hata mmoja. Ukitaka nifukuze." Akanuna, lakini hakunifukuza.

Nikaandika code iulize kwanza: hii ni string au object? Ikiwa string, iwe jina, ukoo ubaki null, yaani tupu, twende mbele. Kwenye kulinganisha ndugu nikaachana na ukoo, nikatumia jina la mama na mahali walipotoka.

Data ya Uvira ikajibu. Kaneza, ukoo wa Wakongo waliomulea. Mama: Nsabiyumva. Ametoka Minago.

Nililia ofisini bila haya.

Tulipompigia Kaneza simu, mama hakulia. Alifoka tu: "Kaneza! Umekawia wapi weye?"

Funzo langu ni hili: data ikikataa kuingia, rekebisha code, usitupe mutu. Wale wa "skip tu" karibuni tubishane, sitoki hapa. Ila mwanze kwa kuniambia, code zenu zimemruka mama wa nani?