Uso wa Tamer Ulipogeuka Mlangoni

Wadau, mama yangu aligoma kufuturu kwa sababu ya kivuli cha katuni.

Msicheke kwanza.

Naitwa Inas, mtu wa Shubra, Cairo. Kazi yangu ni kuwatia vivuli wahusika wa katuni kwenye kompyuta. Mwaka juzi tulikuwa na katuni ya Ramadhani, inarushwa kila siku kabla ya adhana ya magharibi. Shujaa wake ni Zizo, kijana muuza maharage.

Zizo nilimpa sura ya kaka yangu Tamer.

Tamer alikufa kwa ajali ya pikipiki asubuhi moja akienda kazini. Tangu hapo mama alikuwa anakula kama anayelazimishwa dawa.

Katuni ilipoanza, mama akabadilika. Kila siku Zizo anatoka nyumbani, anafika mlangoni, anageuka kumuaga mama yake. Mama yangu anatabasamu. Adhana ikilia, anakunywa supu ya dengu mpaka anaongeza.

"Mama, leo umeniachia supu kweli?" nikamtania.

"Kapike nyingine. Si una mikono?"

Jamani, nilifurahi nusura nilie.

Sasa ngoja. Bosi wetu, Bwana Wagih, akaniita kwenye kompyuta yake.

"Inas, hapa jua liko wapi?"

"Nje ya mlango."

"Sasa mbona akigeuka na kulipa jua kisogo, uso bado unawaka? Hilo jua lina uchumba naye?"

Nikaliona kosa. Uso huwa nauchora mara moja tu, unatazama mlangoni, mwanga mbele, kivuli kisogoni. Akigeuka, naupindua ulivyo, na kivuli kinapinduka nao. Kipindi cha leo kinarushwa, cha kesho hakijaisha, nani ana muda wa kuchora upya?

Nikarekebisha. Kivuli nikakitenga kwenye tabaka lake, nikapindua uso peke yake, nikachora kivuli kipya na kukifungia ndani ya mpaka wa uso kisimwagike nje. Sasa akigeuka, uso wote uko gizani, ukingo wa sikio tu ndio unang'aa.

"Hapo sawa," akasema Wagih. Nami nilijisikia fundi kwelikweli.

Kipindi kile kiliporushwa, Zizo akageuka mlangoni. Mama akazima televisheni. Adhana ikalia, hata tende hakugusa.

"Mama, kuna nini?"

Akaisogeza sahani mbali.

"Mama, utaanguka."

"Umemrudisha vilevile alivyoondoka," akasema. "Aligeuka mlangoni, jua liko nyuma yake. Akasema, 'Mama, natoka.' Nikaona weusi tu. Inas, uso wa mwisho wa mwanangu siujui. Siku hizi nilikuwa namwona."

Hakuwahi kuniambia. Nililia palepale sakafuni.

Nikamwomba Wagih arudishe kivuli cha zamani. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Pole sana, dada yangu. Lakini siwezi kurusha kosa ninalolijua." Simlaumu.

Basi nikachora kipande changu, cha mama peke yake. Tamer anageuka mlangoni, mwanga umejaa usoni mpaka kwenye nyusi. Nikamwekea kwenye simu.

Akatazama. Akanirudishia simu taratibu.

"Mzuri, mwanangu. Lakini huyu umemchora wewe."

"Hata yule nilimchora mimi, mama."

"Mwanga wa yule hukuutia wewe. Ulikuja wenyewe. Nikasema Mungu kanionea huruma, kanionyesha."

Moyo uliniuma kuliko siku ya mazishi, na hilo nalisema bila aibu.

Hakuitazama tena katuni ile. Chakula akarudi kukidonoa kama zamani.

Wadau, kazi ya kunyoosha mambo ifanyeni, ndiyo inayotulisha. Ila ukimkuta mtu wako anatabasamu mbele ya kitu kilichokosewa, kaa naye kwanza, umuulize anaona nini. Mimi nilimuuliza mama yangu akiwa ameshazima televisheni.