Fidia ya Moyo

Mama alipona presha nikiwa mwaka wa pili chuo cha afya. Alinitangazia mwenyewe kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi: kichwa hakigongi tena, kizunguzungu hakuna, shamba analima mwenyewe, kwa hiyo vidonge ameacha. Amevihifadhi vizuri kwenye kopo la majani ya chai, akasema, kama kuna mtu atavihitaji.

Nikamwambia presha haiponi, inatulizwa tu. Akaniuliza kama siku hizi chuo kinafundisha watoto kuwaombea wazazi magonjwa. Halafu salio likaisha, la kwake au la kwangu sikumbuki, nikabaki nimesimama kwenye korido ya bweni pale Karatu nikibishana na simu iliyonyamaza. Nilikuwa na hasira, tena hasira kweli, na chini ya hasira nilikuwa naogopa. Baba alishafariki. Mama ndiye aliyebaki, na mara ya mwisho alipopimwa, nesi wa zahanati ya kwetu Buger alirudia kupima kwa kudhani mashine imekosea.

Tatizo ni kwamba sikuwa na la kumwambia. Somo linaloeleza mwili unavyougua tulilisoma kwa Kiingereza, maneno marefu kama barabara ya Arusha, na tulilisoma kama wanafunzi wote wanavyosoma: tunameza desa, yale madokezo ya kukariri, jioni, tunalitema kwenye mtihani asubuhi, tunatoka watupu. Alama zangu zilikuwa nzuri tu. Lakini ungeniuliza kwa nini mtu mwenye presha ya kutisha anaamka mzima na kwenda kupalilia, ningekutajia ukurasa.

Mkufunzi wetu wa somo hilo alikuwa mama wa makamo, mpole wa sura, mkali wa kalamu. Tulimwita Madamu. Wiki ile ile alikuwa anatufundisha jinsi mwili unavyojiokoa ukipungukiwa. Damu ikimwagika, moyo unaongeza mbio, mishipa inajibana, figo zinashikilia maji, yote hayo ili presha isianguke. Neno lenyewe la kitabuni lilikuwa refu, akaona macho yetu yamelala. Akaweka kalamu ya ubao chini, akasema kwa Kiswahili, basi liiteni fidia. Mwili unajilipa fidia.

Darasa zima likacheka. Fidia sisi tunaijua! Kwetu Buger tembo wakishuka kutoka msituni na kufyeka mahindi, kinachofuata ni mazungumzo ya fidia mpaka mahindi mengine yakomae. Kule Ngorongoro simba akishika ng'ombe, ni hivyo hivyo. Hakuna nyumba isiyo na kisa chake. Kwa hiyo mwenzetu mmoja kutoka Kakesio, Mmasai mrefu aliyekaa kiti cha nyuma ili asiwazibe wengine, aliponyoosha mkono, tukajiandaa kucheka tena.

"Madamu," akasema kwa kile Kiswahili chake cha taratibu, "hiyo fidia analipa nani?"

Tukacheka. Madamu hakucheka. Alimwambia hilo ndilo swali lenyewe, na kama wengine tungekuwa tunauliza hivyo angekuwa anasahihisha mitihani kwa raha. Kisha akamwomba atueleze, kwao wakimtoa ng'ombe damu ya kunywa shingoni, ng'ombe anafanyaje baadaye. Mwenzetu akasema anajikung'uta na kurudi kula majani, na ukimkuta na wenzake huwezi kujua ni yupi. Ila aliyekonda kwa kiangazi hawamgusi. Huyo hana cha kulipia.

"Sasa sikieni," Madamu akasema. "Yule anayekula majani hajapona, analipa. Mgonjwa akionekana mzima, msimpite. Mtafuteni ndani yake nani anamlipia, na amebakiwa na nini."

Wenzangu wakainamisha vichwa kuandika. Mimi mkono uligoma. Nilimwona mama na jembe lake, anacheka, kichwa hakigongi, na ndani yake kuna mtu analipa.

Jumamosi nikaenda nyumbani bila kuaga. Nilimkuta kwenye shamba la maharage ya ngwara, anachuma, kanga kiunoni, anaimba vibaya kama kawaida yake. Akafurahi kuniona, kisha akakunja uso, akajua nimefuata nini. Nikambebea ndoo tukapanda kwenda nyumbani. Njiani alisimama mara kadhaa kushika kiuno na kutazama mashamba ya watu, mama yangu ambaye tangu nizaliwe hana habari na mashamba ya watu. Nikamuuliza kama anahema. Akasema kilima kimeongezeka.

Jioni alipovua yeboyebo zake za plastiki, matundu ya kile kiatu yalikuwa yamebaki mguuni kama yamepigwa mhuri. Nikambonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba. Pakabonyea, pakabaki shimo. Aliniambia niache kumpapasa kama ng'ombe wa mnadani. Nilipomtandikia kitanda nikakuta mito miwili mahali ulipokuwa mmoja. Akasema ule wa zamani umechoka.

Hapo nikaharibu. Badala ya kusema polepole nilimmwagia lile desa lote, moyo umetanuka, maji yanarudi nyuma, sijui mishipa, nusu Kiingereza nusu kelele. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akasema yeye mwenye mwili anajisikia mzima, sasa mimi niliyekwenda kuusomea ndiye nimekuja kumuumwisha? Nikafunika sufuria kwa kishindo. Tukala makande kila mtu anatazama sahani yake, na mama, kunikomesha, akaongeza chumvi.

Asubuhi alikuwa anakamua, mimi nimeshika ndama. Ndama hana habari na ugomvi wa watu, ananivuta huku na huku, na mama akaanza kunicheka kwamba chuo kimenimaliza nguvu. Nilipoona amecheka, nikamweleza habari ya darasani. Nikamwambia Madamu anasema mwili nao una fidia.

Alicheka mpaka maziwa yakaenda pembeni. Akauliza kama nayo inasubiriwa miaka.

Nikasema hapana, hii inalipwa hapo hapo, kila siku, ndiyo maana hatuioni. Mishipa yako imekaza, mama, kama bomba lililobanwa. Damu ingepaswa kuchelewa, viungo vilalamike. Lakini moyo unasukuma zaidi, unafanya kazi yake na kazi ya ziada, kwa hiyo huko mbele hakuna anayejua kuna shida. Kichwa kimezoea. Mikono inalima. Wewe unasema umepona. Moyo unajaa misuli kama bega la mbeba mizigo, halafu siku moja unaanza kuchoka, maji yanashuka miguuni, unahitaji mito miwili. Kidonge hakiponyi kitu, kinalegeza bomba tu ili moyo usilipe peke yake.

Nilikuwa namweleza yeye, lakini kumbe nilikuwa naelewa mwenyewe kwa mara ya kwanza. Yale maneno ya desa yalikuwa yanajipanga kila moja mahali pake, mbele ya kiwele cha ng'ombe.

Mama alikuwa ameacha kukamua. Mikono imetulia kwenye chuchu, anatazama mbali.

"Na moyo wenyewe hausemi?" akauliza.

"Hausemi mpaka ushindwe."

Ndama akanivuta, nikamvuta.

"Baba yenu alipofariki," akasema, "watu walikuwa wanapita hapo barabarani wanasifia. Nyumba ile haijatetereka. Shamba limelimwa, watoto wanasoma. Walisifia sana nyumba." Akavuta chuchu, maziwa yakalia kwenye ndoo. "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Mungu wangu. Nilikuwa mtoto mwaka ule, na nilikuwa mmoja wa hao waliosifia. Nilimwona mama ameshika plau nyuma ya maksai, kazi ambayo kwetu wanawake hawaishiki, wanaume wanasimama kucheka mpaka wakachoka kucheka, na mimi nikajivunia, nikadhani mama hachoki, kaumbwa hivyo. Sisi tulikuwa vile viungo vya huko mbele visivyojua kuna shida. Tulikula, tulisoma, tulilala. Nikamwambia kwamba nimeumia, na akasema nisimlilie ndama wake.

Alimaliza kukamua. Akaingia ndani, nikasikia kopo la majani ya chai linafunguliwa. Akatoka na kidonge kwenye kiganja, akakimeza na uji, akafuta mdomo kwa kanga. Nami kwa mara moja maishani nikafunga mdomo wangu.

Jumatatu nilimpeleka hospitali Karatu, na mambo hayakuwa mabaya kama nilivyoogopa. Daktari alimpima, akambadilishia dawa na kumwongezea ya kupunguza maji, akamwambia chumvi aisahau na vidonge asiache bila kuuliza. Mama akamuuliza kama moyo wake umebakiwa na kitu. Daktari akashangaa swali, kisha akasema ndiyo, mama, upo vizuri ukipunguziwa mzigo. Baada ya wiki chache yeboyebo ziliacha kupiga mhuri. Mto wa pili ukarudi kitandani kwangu.

Na mtihani nilifaulu, na siku hizi wanafunzi wakija wodini kwangu nawafundisha hivyo hivyo. Nikimwona mgonjwa anacheka na kuongea vizuri, mikono ya baridi, mapigo mbio, nawauliza: analipa nani? Wengine wanadhani nazungumzia bima.

Lakini ninachotaka kusema ni cha msimu wa kupanda uliofuata. Mvua ilipokaribia niliomba ruhusa chuoni nikaenda Buger, nikamwambia mama plau naishika mimi. Akasema nitaaibisha ukoo. Kweli niliuaibisha. Mistari yangu ilipinda kama nyoka aliyelewa, maksai wananidharau waziwazi, viganja vimechubuka kabla ya jua kukaa sawa. Mama alikaa kwenye ndoo aliyoigeuza, ukingoni mwa shamba, kikombe cha uji mkononi, ananielekeza kwa kidole na kufurahia kila nilipokosea. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa shambani. Hata sura yake ilikuwa kama ya mgeni aliyekaribishwa.

Jirani yetu mmoja, mama wa rika lake, akapita barabarani. Alipoona mambo yalivyo akasimama, akaweka mzigo chini, akasalimia kwa wasiwasi. Akauliza kulikoni, mama anaumwa? Mbona amekaa?

Mama akanywa uji wake kwanza.

"Siumwi," akasema. "Nalipwa fidia yangu."