Barua Niliyoizuia Kwenye Foleni

Ofisini kwetu Chake Chake, karatasi haitoki kwenye printa mpaka niruhusu mimi. Printa zote za jengo zinaongozwa na kompyuta yangu, na kila kazi inayotumwa huingia kwanza kwenye foleni yangu: jina la mtumaji, jina la faili, idadi ya kurasa. Naweza kuiachia, kuisimamisha au kuifuta. Mkuu wetu alitaka hivyo ili wino usiishie kwenye mambo ya majumbani. Watu wakajifunza ujanja. Kadi za harusi zikaitwa "Ripoti ya robo mwaka", na mimi nikawa najua nani anaoza mtoto kabla majirani wa shehia yake hawajajua. Mimi ni mkali, sikatai, lakini harusi ya mtu siifuti. Nitakwenda kula pilau kwa uso gani?

Mmoja tu hakunidanganya. Alikuwa karani wa mipango, Mkristo kutoka bara, na tulikaa chumba kimoja cha ofisi miaka sita. Mwezi wa Ramadhani alikuja kwetu kijijini Ole kufuturu, akamenya mihogo na mama yangu, wakacheka mambo ambayo mimi sikuambiwa. Krismasi nilikwenda kwake. Sikuzaliwa na dada. Huyu nilimpata kazini.

Asubuhi moja ikaingia kazi yake ya ukurasa mmoja: "Maombi ya uhamisho". Nilijua mama yake huko bara anaumwa na hana wa kumwangalia. Nilijua kabisa. Nikabonyeza kusimamisha.

"Dada, mbona haitoki?" akaniuliza.

"Printa imeharibika, mwenzangu. Weye subiri, n'takwambia."

Akasubiri siku ile na ya pili. Kazi za wengine zilitoka, naye alizisikia zikitoka. Chai aliniletea kama kawaida, na kipande cha mkate wa kumimina. Niliona haya kumtazama. Siku ya tatu nikamsikia kwenye simu akimwambia mama yake avumilie, mambo ya ofisi huenda polepole. Hapo nikaiachia. Nikampelekea karatasi mkononi, nikasema fundi amekuja. Uongo juu ya uongo.

Uhamisho ulikubaliwa. Nilimsindikiza mpaka bandarini Mkoani, na pale penye mlango wa abiria nikaona siwezi kumwacha aondoke na uongo wangu. Nikamwambia mimi ndiye niliyeizuia barua yake.

"Najua," akasema. "Kwenye skrini yangu iliandikwa imesimamishwa na msimamizi. Msimamizi si wewe?"

"Na steshenari zimejaa mjini! Kwa nini hukwenda kuchapisha huko?"

Akashusha begi lake chini.

"Dada, nimehama mara nne katika kazi hii. Hakuna aliyewahi kunizuia nisiondoke. Nikasema, acha nizuiwe kidogo."

Akanikumbatia, akapanda boti. Huu ni mwaka wa tatu. Jina lake sijalifuta kwenye mfumo. Mkuu akiuliza, namwambia nitalifuta kesho. Nina hamu naye, hamu ya kuumiza, hasa asubuhi ninapowasha mashine na foleni ikiwa tupu. Siku tatu tu nilimzuia. Ningejua, Mungu anisamehe, ningemzuia wiki nzima.