Maji Yaliyonukia Ubani

Maji yaliyonukia kuliko yote Bagamoyo yalitoka katika kisima kilichooza, na kisima hicho kilikuwa chetu. Tuliyanywa karibu msimu mzima wa kusi, mimi nikiwa msichana mdogo niliyekuwa ndiyo kwanza naanza kusoma Kurani chuoni, miaka michache kabla ya kuja mizinga ya Wajerumani. Ukiinua kata mdomoni, kitu cha kwanza kukufikia kilikuwa ubani, kisha mastaki, ule utomvu wa kufukizia, kisha ubaridi wa udongo wa mtungi. Wageni walisema hawajapata kunywa maji matamu kama yale, na Bibi yangu, mzaa baba, aliinamisha kichwa kwa adabu kama mtu anayesifiwa mwanawe. Wakati huohuo, katika chumba cha ndani, mama yangu alikuwa amelala na mimba kubwa, tumbo likimwendesha, mikono imebaki mifupa, na dawa aliyopewa kila asubuhi ilitengenezwa kwa maji hayohayo.

Ili jambo hili lieleweke, nianze na mji wenyewe. Bagamoyo ya utoto wangu ilikuwa mji wa kelele. Misafara ilipofika kutoka bara na pembe za ndovu, haikuingia kimyakimya: bunduki zilipigwa tangu ng'ambo ya Mto Kingani, baragumu zikalia, ngoma zikafuata, na mbwa wa mji mzima wakajibu. Chuoni Mwalimu alinyamaza katikati ya aya, akangoja moshi wa baruti upite dirishani, kisha akatuanzisha upya. Watoto wachanga walilala kwa vipande vipande. Wapagazi walijaa kila kiwanja, wakisubiri mizigo ya kurudi nayo, na kila kikundi kilikuwa na moto wake wa makumbi ya nazi. Makumbi hayawaki vizuri, hufuka. Kanzu nyeupe ya Ijumaa iliyoanikwa asubuhi ilianuliwa ikiwa ya kijivu, na wazee walikohoa kuanzia alfajiri. Ufuoni ndipo palipokuwa choo cha watu wasio na choo, na wengi hawakuwa nacho. Maji yakijaa yalichukua, yakipwa yalirudisha. Juu ya hayo yote palikuwa na harufu ya papa aliyeanikwa, ya mbata zilizoshika ukungu, na ya ngozi mbichi za ng'ombe. Watu wazima hawakulalamika. Mji unaonuka, walisema, ni mji unaokula.

Jibu letu kwa uvundo huo lilikuwa moshi mwingine. Kila nyumba ya heshima ilikuwa na chetezo, kile chombo cha udongo cha makaa na ubani, na nyumba yetu ilikuwa na vitatu. Bibi alifukiza nguo, alifukiza nywele, alifukiza vitanda. Zaidi ya yote alifukiza mitungi ya maji. Aliupindua mtungi mtupu juu ya chetezo, akatia ubani na mastaki, akaufunika kwa kitambaa mpaka moshi ukaushika udongo wake, ndipo maji yakamiminwa. Nilipenda kuchungulia ndani kabla hayajamiminwa, kuuona moshi umejikunja chini kama paka. Harufu ya mji iliishia mlangoni kwetu, na tulijivunia hilo. Hakuna aliyefikiri kwamba pua iliyozoea ubani kutwa nzima haisikii tena kitu kingine.

Kisima kilikuwa nje ya ukuta, kando ya njia, kwa sababu hakikuwa chetu sisi peke yetu. Babu yangu, Mwinyi Kombo, alikichimba enzi za nguvu zake, akakijengea mdomo wa mawe na chokaa, akakiweka wakfu: hakiuzwi, hakirithiwi, hafukuzwi mtu, na kila anywaye humletea yeye thawabu kaburini. Mimi sikumkuta hai. Nilimjua kwa sauti za watu. Kila aliyeteka, awe mwenyeji au mpagazi aliyefundishwa maneno jana yake, alisema, "Mungu amrehemu Mwinyi Kombo," ndipo akajitwisha ndoo. Bibi alikaa nyuma ya mlango akisuka ukili wa mikeka, na kwa kila rehema mkono wake ulisimama kidogo. Nadhani ndivyo walivyokuwa wakizungumza, yeye na mumewe.

Mwaka huo Baba alikwenda Unguja na pembe za wageni wake. Wageni hao, msafara mzima kutoka Unyamwezi, aliwaacha kwetu. Kabla ya kuondoka aliwajengea vibanda nyuma ya ua na kuwachimbia shimo la choo, si mbali na kisima, jambo ambalo majirani walilisifu, maana wengine waliwaacha wageni wao waende ufuoni. Upande wa pili wa kisima, juu kidogo, palikuwa na kiwanja cha Bwana Nasoro, mfanyabiashara Mwarabu wa ukoo wa Kimanga, ambako ngozi zililowekwa katika mashimo ya maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Naviweka vitu hivi viwili hapa, kila kimoja mahali pake, kwa sababu ubishi wote uliofuata ulisimama kati yake.

Mama alianza kuumwa tumbo misafara ilipopamba moto. Bibi alimpenda mkwewe, na alimtibu kwa kitu bora alichokuwa nacho. Mwalimu wetu wa chuo aliitwa, akaandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, na maandishi yakaoshwa kwa maji ili mgonjwa ayanywe. Hilo ndilo kombe, na kila mtu wa pwani amelinywa. Bibi alishikilia kwamba maji yawe ya kisima cha wakfu, yawe yamefukizwa, ili baraka iwe juu ya baraka. Mama alikunywa bakuli lote. Kesho yake akazidiwa, akapewa jingine. Nilikuwa nikimshikia kichwa. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Linanukia kama harusi," kisha akatapika.

Niligundua kwamba kuna jambo si kwa pua, bali kwa sikio. Ijumaa moja, baada ya sala, haukuingia msafara. Bunduki zilinyamaza, ngoma zilinyamaza, na mji ukawa kimya kiasi cha kusikia kunguru wakitembea juu ya makuti. Nilikuwa barazani nikichambua mchele, na kitu kikawa kinapungua masikioni mwangu nisijue ni nini, mpaka nikajua. Hakuna aliyekuwa anamrehemu Babu. Nikainua macho. Wanawake wa mtaa walikuwa wakipita na mitungi kichwani, wakikizunguka kisima chetu kwa mbali, wakishika njia ya Kaole kuteka huko. Walinisalimu vizuri. Hakuna aliyesimama.

"Bibi," nikasema, "leo hakuna aliyemrehemu Babu."

"Watakuja, mke mwenzangu," akanijibu. "Wana shughuli zao."

Lakini mkono wake ulikuwa umesimama juu ya ukili, na haukuwa umesimama kwa rehema.

Shangazi aliwasili baada ya siku chache kutoka Kiwangwa, alikoolewa, kuja kumuuguza wifi yake. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, mrefu, mwenye mdomo. Alikuwa ametembea juani, kiu imemkaba, na hakungoja kufika ndani. Aliteka kwa ndoo ya kisimani akapiga funda moja. Akalitema hadi katikati ya njia.

"Astaghfirullah! Humu kaoga fisi?"

Bibi alitokea mlangoni. "Unakitukana kisima cha baba yako?"

"Shikamoo kwanza, mama. Baba simtukani, namuuliza huyo aliyeoga."

"Marahaba. Ingia ndani unywe ya mtungini. Kiu imekupotosha ulimi."

Shangazi akaingia, akapewa kata. Alikunywa kidogo, akayazungusha mdomoni, akaenda kuyatemea uani. "Ni yaleyale," akasema. "Mmeyavika joho tu."

Kisha akauliza mgonjwa anakunywa nini, akaambiwa. Alikwenda chumbani, akalitoa bakuli la kombe, akaliweka juu ya rafu kwa heshima, akatuma watu wakatafute madafu. Tangu saa hiyo Mama hakunywa kitu kingine, na Bibi hakuzungumza na binti yake mpaka jioni.

Ugomvi ulihamia kwa Bwana Nasoro. Shangazi alimfuata kiwanjani kwake, mimi nikiwa nimeshika upindo wa nguo yake, akamwambia mashimo yake ya ngozi yamemnajisi marehemu.

"Bibie," akajibu Bwana Nasoro, bila kuinuka kitini, "ngozi zangu ziko hapa tangu hujaolewa, na maji yalikuwa matamu, mimi mwenyewe nikiyanywa. Kaulizeni shimo la wageni wenu lilichimbwa lini."

Shangazi akageuza macho kuelekea vibanda vya wageni wetu, akanishika mkono tukarudi nyumbani.

Ikabidi Mwalimu aje, safari hii si kuandika bali kuamua. Alieleza kwamba maji mengi hayawi najisi kwa kuingiliwa na kitu tu, ila yakibadilika rangi, au ladha, au harufu. Basi yapimwe kwa hayo matatu, nje, kwenye upepo, katika bakuli jeupe, na apimaye awe Bibi mwenyewe, maana ndiye msimamizi wa wakfu. Bibi akasema yuko tayari. Shangazi akamtazama kuanzia ushungi hadi miguuni. "Mama, ukisimama tu, chetezo kimesimama," akasema. "Vua hizo."

Wanawake wa mtaa waliokuja kushuhudia walicheka, kisha wakaogopa kwamba wamecheka. Bibi hakukasirika. Aliingia ndani akaoga kwa maji ya Kaole, na alipotoka alikuwa amevaa kaniki ya binti yake, ile ya safari, yenye vumbi la njia ya Kiwangwa na jasho na moshi wa shamba. Sikupata kumwona hivyo kabla ya siku ile. Alionekana mdogo. Alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akalitazama, akaliinamia, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akaonja, akageuka upande, akatema ndani ya kiganja chake, kama asiyetaka ardhi ione.

"Tangu lini?" akawauliza wanawake wa mtaa.

Walitazamana. Mmoja akasema polepole, "Tangu Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani, Bi Mwanaisha."

"Na mkaninyamazia."

"Tungekuambiaje? Marehemu katunywesha miaka yote hii. Tuje tukuambie maji yake yananuka?"

Bibi alimgeukia Mwalimu, na hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akikiogopa muda wote. "Nikikiziba," akasema, "nimekata thawabu za mtu aliyenikabidhi. Nitamwambia nini tukikutana?"

Mwalimu alisema kisima kinachodhuru hakimletei marehemu thawabu yoyote. Kipumzishwe. Maji yakirudi katika sifa zake, wakfu uko palepale. Bibi akaitazama nyumba, dirisha la chumba alicholala Mama, akasema neno moja: "Zibeni." Fundi akaleta mbao nene, akazilaza juu ya mdomo wa kisima, akazigandamiza kwa mawe.

Tumbo la Mama lilitulia polepole. Alijifungua kabla ya mvua za vuli, mtoto wa kiume, akaitwa Kombo. Vibanda vya wageni vilivunjwa Baba aliporudi, na shimo likafukiwa. Mlangoni petu Bibi aliweka mtungi mkubwa wa maji ya Kaole kwa wapita njia, na akapiga marufuku ubani kugusa maji ya kunywa nyumbani mwake. Watu wakarudi kusimama. Wakarudi kusema, "Mungu amrehemu Mwinyi Kombo," na mkono wake ukarudi kusimama juu ya ukili.

Siku hizi misafara imekwisha. Reli imepita Dar es Salaam, wenye biashara wameifuata, na mji wetu umekuwa kimya siku zote kama Ijumaa ile. Watu wa rika langu huuomboleza ule ukelele. Husema wakati ule Bagamoyo ilikuwa Bagamoyo. Nami nilikuwapo, na nakumbuka kilichokuwamo ndani ya ukelele huo. Wajukuu zangu wanalala usiku mzima. Kanzu zinaanuliwa nyeupe. Ni kweli pia kwamba nyumba nyingi za mtaa wetu hazina mtu wa kuzivaa hizo kanzu. Bado sikubali kwamba uvundo ulikuwa ndiyo bei ya neema. Tulikuwa na nafasi ya kuchimba mashimo mbali na visima; hatukuifikiria kwa sababu ndani ya nyumba zetu mlinukia vizuri.

Kiwanja cha Bwana Nasoro sasa kimeota mibaazi. Mwaka huu, baada ya masika, niliwaita vijana wakaziinua mbao za kisima, zilizobaki nusu unga. Nilikuwa nimeoga kwa maji matupu na kuvaa nguo isiyojua chetezo. Niliteka kwa bakuli jeupe. Rangi ilikuwa safi kabisa. Harufu haikuwapo. Nikaonja, nikameza, na yalikuwa matamu, laini, yenye ubaridi wa mawe. Kwa hukumu ya Mwalimu, wakfu umerudi. Nikampelekea Mama, ambaye sasa ni kikongwe na amebaki peke yake kati ya watu wazima wa nyumba ile. Aliyatazama sana, akanirudishia bakuli limejaa.

"Hata yale ya kwanza, mwanangu," akasema, "mimi sikuyasikia uvundo."

Kama zilikuwa ngozi, zimeondoka. Kama lilikuwa shimo letu, lilifukiwa tu, halikuondolewa, nasi hatukupata kujua ni lipi kati ya mawili hayo. Watu wa mtaa wameona mbao zimeinuliwa. Kila asubuhi wanapita na ndoo wakiniuliza kama kisima cha Mwinyi Kombo kimefunguliwa, nami mpaka leo sijawajibu.