Riwaya Si Nusu Kitabu

Nilijiunga na klabu ya wasomaji ya Kinondoni nikiwa na miaka hamsini na mbili. Tulikuwa watu kumi na wanne, tukikutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri, kwenye darasa la kituo cha tuisheni. Mwenyekiti wetu alikuwa ofisa mikopo, kijana kwangu, mwenye adabu na sauti ya kutuliza watu. Kila mwanachama alitakiwa kusoma vitabu kumi na viwili kwa mwaka na kuwasimulia wenzake.

Mikutano mitatu ya kwanza nilisikiliza tu. Nilifundishwa kuamka saa kumi alfajiri, kufikiri kama tajiri, kuwaacha marafiki wanaonirudisha nyuma, kisha kuamka saa kumi alfajiri tena, safari hii kutoka kitabu kingine. Mie ni karani wa masjala ninayeishi Temeke. Saa kumi alfajiri naamka tangu nilipoajiriwa, na utajiri sijauona. Lakini nilikuwa mgeni, nikanyamaza.

Mwezi wa nne zamu ikanifikia. Nilipeleka riwaya ya taharuki niliyokuwa nimeimaliza wiki ileile. Mke wa askari magereza anatoweka huko Segerea, na kila jirani anajua kipande kimoja cha habari yake. Niliwaambia wenzangu kwamba theluthi mbili za mwanzo nilizisoma nimesimama jikoni, maharage yakaungua. Halafu, kurasa ishirini kabla ya mwisho, anatokea pacha wa mume ambaye hakuwahi kutajwa popote, na ndiye mwenye hatia. Niliwaambia hapo nilitamani kukirusha kile kitabu dirishani. Mwandishi wa taharuki ana ruhusa ya kunificha, hana ruhusa ya kunidanganya. Muuaji ninayemtaka mie ni yule aliyekuwa akinimiminia chai tangu ukurasa wa kumi.

Watu wakacheka. Mwanachama mmoja, dereva wa lori la maji ambaye kwa kawaida husinzia, akauliza kama yule jirani aliyesikia geti likifunguliwa alihojiwa. Nikamjibu kwamba hakuhojiwa. Akasikitika kana kwamba ni jirani yake. Tulibishana robo saa nzima, mpaka mwenyekiti akauliza tumejifunza nini. Nikasema nimejifunza kwamba mtaa mzima unaweza kulijua jambo, na kila mtu akamngoja mwenzake aseme. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Siku mbili baadaye ujumbe ukaingia kwenye grupu. Kamati imeamua kwamba riwaya, kwa kuwa ni burudani, zitahesabiwa nusu kitabu.

Niliusoma nikiwa masjala, nimezungukwa na mafaili. Nikacheka kwanza, hasira zikafuata. Nikaandika jibu la sentensi moja: "Naomba kujua ni nusu ipi, ya mwanzo au ya mwisho?"

Mkutano uliofuata nikaenda na riwaya nyingine, ya kihistoria. Ile nilikuwa nimemsomea mama yangu, ambaye ana mtoto wa jicho na hawezi tena kusoma. Inahusu mpishi kwenye nyumba ya ofisa wa Kijerumani katika mji mmoja wa pwani. Mwandishi alikuwa amechimba kweli: bunduki, meli, mpaka vifungo vya makoti. Ila mpishi wake alianza mchuzi wa samaki kwa tui zito na kuuacha uchemke weee. Mama alinisimamisha hapohapo. "Tui limeshakatika hilo," alisema. "Aliyeandika hajawahi kupika."

Nililisema hilo mbele ya klabu bila kuficha. Kisha nikawasomea ukurasa ambao ndugu wa mpishi anachapwa viboko uwanjani asubuhi, na saa saba mchana mpishi anaingia kuandaa meza, na mikono yake haitetemeki. Mama aliniomba niurudie mara mbili. Nilisema ukurasa ule umenieleza utawala ule kuliko somo lolote nililopata shuleni.

"Lakini mama," mwenyekiti alisema kwa upole, "hiyo si ni ya kutunga?"

"Na yule tajiri wa kitabu chako cha mwezi uliopita, asiye na jina wala mtaa, wewe ulimwona wapi?"

Alitabasamu, akamwita msemaji mwingine.

Baadaye nikapeleka ya kifantasia, yenye jini na mji ulio chini ya kisima ambako kila mtu huzaliwa na vivuli viwili. Mwalimu mmoja wa kamati alisema ni aibu mtu mwenye wajukuu kusoma habari za majini. Nilimwambia kwetu jini si fantasia, ni kama jirani, na ndiyo maana nilimkasirikia jini wa kitabu kile. Alikuwa hana masharti yoyote. Kila mwandishi alipochoka, jini alitokea kumwokoa binti aliye shujaa wake. Lakini ule mji, nilipofunga kitabu, niliukumbuka wiki nzima, kama mtaa niliohama.

"Hata wewe mwenyewe unasema ni vibaya," mwalimu alisema.

"Nasema vina kasoro. Nimevisoma mpaka mwisho, kwa hiyo nina haki ya kuvilaumu. Nyie mnavipunguza hamjavifungua."

Sikukaa mpaka nilipomaliza kusimulia.

Mwisho wa mwaka ukasomwa orodha. Nilikuwa nimesoma riwaya kumi na nne, nikaandikiwa vitabu saba. Nilisimama nikaomba jina langu lifutwe kwenye ile hesabu, ila nibaki mwanachama. Mwenyekiti akasema kanuni haziruhusu mwanachama asiye na hesabu. Nikaomba basi kanuni zibadilishwe, riwaya ihesabiwe kitabu kizima. Wakapiga kura ya mikono. Nilipata mitano, na mmojawapo ulikuwa wangu. Nikashindwa, nikajitoa siku ileile.

Mwezi uliofuata nilirudi, maana kanuni zao hazijakataza wageni. Mgeni hupewa nafasi mwisho kabisa, wenye haraka wakishaondoka. Wanabaki watano, sita, dereva akiwa macho kabisa. Juzi nimewapelekea riwaya ya mwanamke anayeghushi hati za viwanja. Nimeisifu sana, na wote wamenipinga. Mmoja amesema mwandishi anampenda mno mwizi wake. Nimemwambia anitajie kurasa za ushahidi, na tukaanza kuzifungua moja baada ya nyingine, huku mlinzi wa kituo akipanga viti.