Ramani Isiyo na Mlango

Mpishi mmoja wa Wazungu aliniambia kwamba walimu wa masomo mbalimbali hawaruhusiwi kukaa pamoja, maana elimu zao huchanganyikana vichwani. Mwalimu wa hesabu akinywa chai na mwalimu wa Kiingereza, kesho yake mmoja anaamka amesahau jedwali la saba, na mwingine anahesabu usingizini. Ndiyo maana, akasema, huko vyuoni Ulaya kila mwalimu ana nyumba yake, ukuta wake na mbwa wake. Nikaamini yote, pamoja na mbwa.

Ningeachaje kuamini? Shule yetu ya jioni pale Temeke ilikuwa na walimu watatu, na sikuwahi kuwaona hata wawili wamesimama pamoja. Mmoja alikuja Jumatatu, mmoja Jumatano, mmoja Alhamisi. Nani angepanga hivyo bila sababu? Wa hesabu alikuwa Mhindi, Shia, mwenye duka la vitambaa, mpole, lakini jicho lake lilikupima shati hata hujasema kitu. Wa Kiingereza alikuwa karani kutoka Bukoba, mtu wa kanisani, tai shingoni hata jua likiwa la kukaangia mayai. Wa afya alikuwa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, Mzaramo mcheshi, aliyekukagua kucha kabla ya kuitikia salamu yako. Sie wanafunzi tulikuwa makuli wa bandarini, madobi, wapishi na matarishi. Mie tarishi. Tulisomea kwenye banda la mbata, zile nazi kavu za kukamua mafuta, na panya wa mle, wallahi, walistahili kufungwa kengele kama mbuzi.

Siku moja mwenye banda akasema analitaka banda lake kabla ya masika. Jumbe wa mtaa akatuonea huruma, akatuonyesha kiwanja kando ya njia ya Mbagala, ila bomani wakataka kwanza ramani na barua. Ramani isipopita, kiwanja anapewa mwingine, shule inakufa, na sie tunarudi kutia dole gumba siku ya mshahara kama watu wasiojua kalamu. Hilo niliona ni baya kuliko kufukuzwa kazi.

Kiranja nilikuwa mie, na tarishi kazi yake ni kupeleka. Nikaipeleka karatasi dukani; mwalimu wa hesabu akachora kuta nne zilizonyooka hata ukizitazama unasimama wima. Nikaipeleka hospitalini, wa afya akaongeza madirisha, na choo mbali na kisima. Nikaipeleka ofisini kwa karani. Akaandika barua tamu, muhuri ungejigonga wenyewe. Kila mmoja aliheshimu somo la mwenzake, hakugusa mstari wa mtu. Nikatembea mpaka bomani najisifu kwamba elimu zote tatu zimepona.

Karani wa viwanja akaigeuza ramani huku na huku, kisha akanitazama.

“Bwana tarishi, wanafunzi wenu wana mbawa?”

“Kwa nini, bwana?”

“Wataingilia wapi? Mlango uko wapi?”

Mlango haukuwapo. Wa hesabu alidhani mlango ni mambo ya hewa, basi ni wa dresa. Dresa alidhani ni mambo ya vipimo, basi ni wa hesabu. Na barua ilikuwa imeusifu mlango huo kwa Kiingereza safi kabisa.

Tukapewa siku chache. Dobi mmoja darasani akanikemea: “Waite wote kwa pamoja, we kiranja! Bora wasahau hesabu wao kuliko sie kukosa shule.”

Jumapili alasiri wakaja bandani. Nilikuwa nimetandika majamvi matatu, kila moja kwenye kona yake, na kila jamvi na chaki yake. Wakapeana mikono kwa adabu nyingi, kama wakwe. Nikasema moyoni, unaona, wanaogopana.

Dresa akaangua kicheko. “Mbona umetutenga kama wagonjwa wa ndui?” Akaburuta jamvi lake mpaka katikati. Wenzake wakamfuata, wakainamia karatasi moja, vichwa vinagusana.

“Mlango ukae kusini,” akasema dresa, “upepo upite.”

“Kusini umeweka choo chako,” wa hesabu akamjibu. “Utapita upepo gani huo, mwalimu?”

“Na mie niandike nini?” karani akadakia. “Twaomba kiwanja chenye manukato?”

Walicheka hata tai ya karani ikatumbukia kwenye kahawa. Mlango ukapata mahali pake, lakini hawakuondoka. Dresa akauliza watu arobaini wanahitaji hewa kiasi gani. Wa hesabu akaikokotoa ukutani kwa chaki. Karani akatufundisha kuisema hesabu hiyo kwa Kiingereza. Jioni ile nilijua mambo mengi kuliko gavana.

Ramani ikapita. Tukakandika udongo, tukaezeka makuti, shule ikasimama. Walimu wakarudi kila mmoja kwenye siku yake.

Nimepata cheti, nimekaa na wasomi kwenye vyumba vyenye mapangaboi, na bado naitamani Jumapili ile. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisikia watu wanacheka nyuma ya ukuta, nasimama, nasikiliza kama ni wao. Karani alirudi Bukoba. Dresa alihamishiwa Kilwa. Mie nikawasimulia watu wote kwamba serikali iliwakataza, elimu zilikuwa zimeanza kuchanganyika.

Mwishowe nikaenda kwenye duka la vitambaa.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Kiranja! Umenenepa.”

Nikamuuliza ni nani aliyewakataza kukaa pamoja. Akaacha kukunja kitambaa.

“Atukataze nani? Siku zile kila mmoja alichagua yake kwa kufuata kazi yake. Mie duka, dresa zamu, karani alikuwa na kwaya yake. Jumapili ile ndiyo nilionana nao mara ya kwanza.”

“Na baadaye je, mwalimu? Mbona hamkukaa tena?”

“Hukutuita tena.”